Jemani Shepadi au mbwa wa kienyeji?

Kwa umbo na kishindo, Jemani Shepadi hana mpinzani getini. Dume hufika kilo 30 hadi 40, na mwizi akimwona tu hughairi. Asili yake ni kuchunga kondoo: mfugaji wa mbwa Max von Stephanitz alimsajili wa kwanza huko Ujerumani mwaka 1899, na wepesi ule wa kufundishika bado upo. Ndiyo maana polisi wanampenda. Ila akili isiyopewa kazi hugeuka balaa. Mfungie bandani kutwa, atatafuna mlango, au atamrukia hata shangazi aliyekuja kusalimia.

Gharama nazo! Anakula sana, manyoya yake mazito yanapukutika mwaka mzima, na joto la Dar es Salaam au Mombasa linamtesa. Arusha ana nafuu. Ukinunua mtoto, omba kuwaona wazazi wake wakitembea, kwa sababu ubovu wa nyonga hurithiwa.

Wa kienyeji ana nywele fupi, hachagui chakula, na jua analizoea. Hatishi kwa macho, lakini hubweka mapema, na nyumba nyingi zinahitaji kengele kuliko meno. Tabia yake ni bahati nasibu kidogo. Mchukue akiwa na wiki nane hivi, akue na watoto.

Chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya kupe ni lazima kwa wote wawili. Mimi mwenye ua mdogo ningechukua wa kienyeji. Mwenye shamba, na muda wa kumfundisha kila siku, achukue Shepadi.