Tolueni ao diklorometani kwa vinili eta?

Banafunzi ba kemia hapa Lubumbashi banauliza hii sana: ukitaka polimerizasio ya kationi yenye kubakia hai (ni kusema kuunga molekuli ndogo, monomeri, kuwa minyororo mirefu yenye ncha chanya, yenye inaendelea kukua bila kukatika), tuseme na monomeri ya isobutili vinili eta, uchukue soliva gani, ni kusema kiowevu cha kuyeyushia, tolueni ao diklorometani? Mi niko upande wa tolueni. Konstanti yake ya dielektriki (nguvu ya soliva ya kutenganisha chaji chanya na hasi) iko 2.4 tu, njo maana ile ncha chanya ya mnyororo inabakia karibu na mwenzake hasi, inalala, inaamka, inakula monomeri moja moja na minyororo yote inakua pamoja. Diklorometani iko karibu 9, inatenganisha ioni, reaksio inakimbia mbio, na ioni yenye iko huru inatupa protoni kwa monomeri, mnyororo unakatika pale pale, mwingine unaanza, mwisho urefu hauko sawa. Unaweza kuiokoa na chumvi kama kloridi ya tetrabutiliamonia, lakini njo kitu kingine tena cha kukausha, na maji kidogo tu inaharibu kila kitu.

Sasa joto. Kwa mfumo wa HI/I2 (iodidi ya hidrojeni na iodini, njo vyenye vinaanzisha reaksio), wenye bakemia ba Japani Miyamoto, Sawamoto na Higashimura balionyesha 1984, baridi inasaidia sana sababu inapunguza kule kukatika kuliko inavyopunguza kukua. Lakini ukitumia EtAlCl2 (etilialumini dikloridi) na etili asetati ndani ya soliva ya heksani, mnyororo unabakia hai hata 70 °C! Kwa labo yenye haina barafu kavu, hiyo ni kitu kikubwa. Diklorometani yenyewe inachemka 40 °C, hapa mwezi wa kumi ukilegeza kifuniko cha chupa inapiga psss, fungulia chini ya hote (kabati ya labo yenye inavuta mvuke) tu.