Tairi jipya la pikipiki: soma namba nne kwanza, bei baadaye

Mvua za vuli zikianza tu, malalamiko ni yale yale. Huyu kabadilisha tairi la nyuma juzijuzi, kashata (yale matuta ya mpira yanayoshika barabara) nzima, linang'aa, na bado pikipiki inamkimbia kwenye lami iliyolowa. Yule wa Tanga anasema lake limechanika ubavuni hata vile vinyweleo vya mpira havijaisha. Wote wanamalizia na swali moja: dada, ninunue kampuni gani?

Kampuni nitazitaja, na ninayoipenda nitaitaja bila haya. Ila mimi nikiuliza, "Tairi lako la mwaka gani?" najibiwa, "Nimelinunua mwezi wa nane." Sijauliza hivyo!

Habari ya saizi siiongelei sana. Imeandikwa kwenye tairi ulilonalo, isome, umtajie muuzaji. Boxer 150 inavaa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, za Kichina zenye umbo la Honda CG nyingi ni rimu ya 18. Kashata za lami au za vumbi, unajua mwenyewe unakoishi. Upana, rangi, michoro, yote hayo muuzaji atakueleza mpaka uchoke. Kuna kitu kimoja tu hatakueleza: tairi lilitengenezwa lini.

Inama, angalia ubavuni. Mara nyingi ni upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze. Kuna kidirisha kidogo chenye namba nne, mara nyingi mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa limefika Kariakoo jana, likiwa bado na karatasi yake, umri wake ni ule ule.

Mpira wa tairi umechanganywa na mafuta na dawa zinazoufanya uwe laini na usipasuke. Joto, jua na hewa vinazimaliza taratibu hata kama tairi halijawahi kugusa barabara. Mpira ukikauka unakuwa mgumu, na kwenye lami kavu huenda usigundue lolote. Subiri siku ya manyunyu unashuka kutoka Lushoto, umeshapita Soni, kona zinafuatana kuelekea Mombo na lami imepakwa utelezi. Hapo unabana breki ukiwa na kashata nene kabisa, na haishiki. Baadaye utalaumu breki, utalaumu barabara, utamlaumu hata mwenye mbuzi aliyekuwa anavuka zake.

Sasa tazama matairi yanavyotunzwa. Yanatundikwa nje ya duka tangu asubuhi, jua la Dar lote ni lao, jioni yanaingizwa ndani, kesho tena. Yakianza kupauka yanapakwa dawa ya kung'arisha, ile ile ya dashibodi ya gari. Kwa hiyo weusi wa tairi haukuambii kitu. Shika kashata kwa vidole gumba viwili, ikunje, tazama pale chini inapoota. Ukiona vistari vyembamba kama kisigino kilichokosa mafuta, lirudishe msumarini.

Mpaka wangu ni huu: la miaka miwili nachukua bila neno, la mitatu nachukua kama lilikuwa ndani, kivulini, na bei imepungua, likizidi minne sitaki hata kwa mkopo. Michelin wenyewe wanashauri tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likitimiza 10 tangu litengenezwe litolewe, hata likionekana zima. Mimi ni mkali kuliko wao, maana wao hawajaona ule msumari.

Haya, kampuni.

Namba moja ni MRF, na hapa sina hata dakika moja ya kubishana. Ni Wahindi wa Madras walioanza mwaka 1946 wakitengeneza maputo ya watoto. Nembo yao ni yule baunsa aliyenyanyua tairi juu ya kichwa. Nylogrip yao ina ubavu mgumu, haiyumbi ukiwa na abiria na mzigo, na kashata zake zinaisha kwa usawa. Lakini sababu yangu kubwa ni kwamba bodaboda wanaichukua sana. Tairi linalonunuliwa kila siku halipati muda wa kuzeekea dukani. Ukienda duka lenye foleni ya bodaboda, unakuta tarehe changa bila kutafuta.

Namba mbili nawaweka pamoja CEAT na Eurogrip. CEAT ilizaliwa Torino, Italia, leo ni ya Wahindi kabisa. Eurogrip wanatoka Madurai, ni ndugu wa TVS wale wale wa pikipiki. Nikikosa MRF changa, nachukua yoyote kati ya hizi yenye tarehe ya karibu na silalamiki.

Namba tatu Michelin. Najua nitatukanwa. Kwenye mvua Michelin mpya inashika kuliko zote nilizotaja, hilo nakubali. Shida ni bei. Kwa bei ile wanunuzi wa Boxer na TVS ni wachache, kwa hiyo tairi linakaa kwenye rafu linamsubiri mtu mwenye hela, na mwenye hela akija anauziwa uzee kwa bei ya ujana. Ukiipata changa, nunua, usinisikilize.

Za bei ya chini zenye majina yanayobadilika kila kontena: za kuzunguka mtaani sawa, za safari hapana.

Ukiwa bodaboda, au unapakia mishikaki (usinidanganye, najua unapakia), angalia pia namba ya mzigo pembeni ya saizi. 50P maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 190 na linavumilia mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa. 41 inaishia kilo 145. Hesabu zinazobaki piga mwenyewe.

Kwenye safari zetu za Iringa ugonjwa huu umeshaambukiza wote. Tukisimama Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuupanda Kitonga, wengine wananunua vitunguu, wengine tumechuchumaa na tochi za simu tunasomana matairi. Ndiyo salamu yetu siku hizi. Hakuna kinachotuchekesha kama mwenye BMW ya bei ya kiwanja kukuta tairi la Boxer ni dogo kiumri kuliko lake. Hapo soda ni juu yake.

Wauzaji sasa. Ukiuliza tarehe unajibiwa, "Sista, kwani unanunua maziwa?" Duka zima linacheka. Duka jingine, silitaji, niliomba niletewe lingine kutoka stoo, kijana akaniambia yote ni mzigo mmoja. Akaleta, yakawa yamepishana miaka mitatu. Bei ile ile. Hilo ndilo linaloniudhi: la mwaka huu na la enzi zile yanauzwa sawa, na ukitaka risiti bei inapanda, ukikubali bila risiti inashuka, halafu risiti yenyewe imeandikwa chini "mali ikishauzwa hairudishwi". Nimewahi kukuta hata tairi ambalo kidirisha cha tarehe kimekwanguliwa kwa kisu. Lisilosomeka, usilinunue, hata muuzaji aape kwa mama yake.

Kama tairi lako ni la tyubu, badilisha na tyubu hapo hapo. Ya zamani imeshavutika. Ukiirudisha kwenye tairi jipya inajikunja, na mkunjo ndiyo pancha ya wiki ijayo. Simama karibu na fundi anapotumia yale mabapa mawili ya chuma, maana tyubu mpya nyingi zinatobolewa pale pale kijiweni. Na kilomita 150 za kwanza nenda mdogo mdogo, usilaze sana kwenye kona: tairi linatoka kiwandani na ngozi laini juu, inateleza mpaka barabara iikwangue.