KONG ya kujaza chakula kwa mbwa asiyetulia ndani: nunua, ila itumie na mkeka

Kama una mbwa ambaye ndani hakai, anatoka kwenye kochi anaenda mlangoni anarudi dirishani, analialia, ukikaa tu anakupandia mapajani, basi hii review ni yako. Natumia KONG Classic, ile nyekundu, na mbwa wa aina hiyo na naipa nyota tano bila kusita.

Kwa asiyeijua ni toi ya mpira mzito, kama mabonge matatu yamepandana, ndani wazi, tundu kubwa chini na dogo juu. Ilianzia Marekani miaka ya 1970, jamaa anaitwa Joe Markham mbwa wake alikuwa anatafuna mawe mpaka meno yanaisha, siku anatengeneza gari lake la Volkswagen mbwa akakinyakua kipande cha mpira cha hilo gari akakipenda kuliko mawe, wazo likaja.

Unaijaza chakula chake cha kawaida kilicholowekwa maji, unaziba na siagi ya karanga kidogo, unaweka friza. Ila mara za mwanzo usigandishe kabisa, jaza kiulegevu kitoke upesi, maana mbwa ambaye hajaizoea akihangaika bila kupata kitu anaiacha na hairudii tena. Na hicho chakula kipunguze kwenye bakuli lake la siku asije akanenepa. Ninachoipendea ni kwamba kulamba na kutafuna taratibu kunamtuliza mbwa, wakati kumrushia mpira ndani ya nyumba kunamchangamsha tu, anamaliza anahema na bado anataka.

Sasa kuna watu wananunua halafu wanalalamika eti ikiisha mbwa anaamka yuko vilevile, na ni kweli ataamka kama hukumfundisha kitu. Mimi KONG inatolewa sehemu moja tu, kwenye mkeka wake, akitoka nayo naichukua kwa upole nairudisha pale. Akishamaliza kuna zile sekunde bado amelala anajilamba midomo, hapo ndo kazi ilipo jamani, weka punje moja ya chakula katikati ya miguu yake ya mbele, kimya kimya, usimsifie kwa sauti ya furaha maana ataruka. Akilaza kiuno upande mmoja, weka nyingine, akishusha kichwa chini, nyingine, halafu unaanza kuchelewesha. Ukiona anakaa vizuri ndo unasimama, kisha unatembea hatua chache, kisha unafungua mlango, kitu kimoja kimoja, usichanganye. Akiinuka usimfokee, subiri alale tena urudi hatua ya nyuma iliyo rahisi. Baadaye utamkuta anaenda kwenye mkeka mwenyewe bila KONG wala kuitwa, na hiyo raha yake siwezi kueleza.

Pia usimpe wakati anabweka kudai, utakuwa unamfundisha kwamba kelele ndo zinaleta KONG, mpe kabla hajaanza. Na mtoe nje kwanza anuse nuse kwa nafasi yake, usimburute tu. Halafu usingizi, watu wanausahau sana, mbwa mzima analala kama saa 12 hadi 14 kwa siku na mtoto hata 18 au zaidi, kwa hiyo kale kadogo kanakong'ata kila kitu jioni mara nyingi kamechoka tu kanahitaji kulazwa.

Kwenye kununua chukua saizi ambayo haiwezi kuingia yote mdomoni, mtafunaji mkali chukua nyeusi ndo ngumu zaidi, kwa watoto wa mbwa kuna laini yao. Siagi ya karanga soma lebo, ikiwa na xylitol (kitamu kinachowekwa badala ya sukari) ni sumu kwa mbwa, na humo ndani usiweke zabibu, kitunguu wala chokoleti. Osha na brashi ya chupa, ikianza kumeguka tupa. Wenye mbwa wawili wapeni kila mmoja chumba chake wasipigane.

Ila kama mbwa wako alikuwa mtulivu na ghafla hatulii, hasa mzee anayezunguka usiku, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza aangaliwe maumivu. Na yule anayepaniki ukimwacha peke yake mpaka anakwaruza mlango, mara nyingi hata chakula hagusi, utarudi uikute KONG imejaa, huyo naye anahitaji daktari.