Mguu wa kudarizi kwenye cherehani ya kukanyaga: miezi minane na mizizi ya mikoko

Mimi ni fundi nguo, Tanga. Sare za shule ndizo zinazonilisha, ila siku zote nimetamani kushona kitu kisicho na kipimo cha kiuno: mikoko, ile ninayoiona kila maji yakitoka. Miezi minane iliyopita nikanunua Kariakoo mguu wa kudarizi, ule wenye springi na kipete kidogo chini kinachoizunguka sindano. Shilingi 15,000.

Kabla hujalipa, nenda na mguu wako wa zamani ukaupimishe. Ipo miguu ya shina fupi na ya shina refu. Muuzaji aliniambia zote ni sawa, nami nikamwamini. Nilipofika nyumbani haukuingia, ikabidi nipande basi tena kwenda kuubadilisha. Nauli ilizidi bei ya mguu wenyewe, na hilo bado linaniuma.

Cherehani yangu ni Butterfly ya kukanyaga. Kazi hii inataka meno yaliyo chini ya mguu yasivute kitambaa, maana unakisogeza mwenyewe kwa mikono. Kama yako ina kitufe cha kushusha meno, yashushe. Yangu haina, kwa hiyo nimeyafunika kwa kadi ngumu niliyoitoboa tundu la sindano, nikaibandika kwa gundi ya karatasi, na urefu wa mshono nikaurudisha sifuri.

Kufunga kwake kuna siri moja. Kijiti cha chuma kilicho ubavuni mwa mguu lazima kikae juu ya skrubu inayobana sindano. Sindano ikipanda inaunyanyua mguu, kitambaa kinapata nafasi ya kusogea. Ikishuka, mguu unakibana. Na usisahau kushusha kile kishikio cha nyuma. Mguu huu haukandamizi sana, kwa hiyo unaweza kudhani umeshaushusha kumbe bado. Uzi wa juu ukikosa kubanwa, ukigeuza kitambaa unakuta kiota cha nyuzi. Kipande changu cha kwanza cha merikani kiliishia hivyo.

Baada ya hapo ni mikono na miguu yako tu. Ukikanyaga haraka na kusogeza polepole, mishono inasongamana. Ukisogeza haraka, inarefuka. Ukivuta kwa ghafla sindano inapinda, inagonga bati, inavunjika. Nilivunja sita wiki ya kwanza, zote namba 14. Wenye za umeme watanibishia, lakini mimi naona ya kukanyaga inafaa zaidi kwa anayeanza, kwa sababu unaweza kushona mshono mmoja, ukasimama, ukatazama.

Na kutazama ndiyo kazi yenyewe. Nilikuwa nikidhani mizizi ya mikoko ni mizizi tu. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hutoa mizizi iliyosimama wima matopeni kama penseli, mamia kwa mamia, kwa hiyo mkono unapanda na kurudi kwenye mstari uleule, na uzi unajijenga wenyewe ukawa mnene chini, mwembamba juu. Mkoko wenyewe, aina nyingine, hutoa mizizi kama miguu, inayopinda kutoka kwenye shina hadi matopeni. Hapo mkono hauendi moja kwa moja, unazunguka bila kusita, maana ukisita katikati ya pinda, kifundo kinabaki na kinaonekana. Upande wa chini wa jani la mchu ni mweupe wa kijivu, basi nikaweka uzi wa kijivu kwenye bobini nikakaza kidogo uzi wa juu. Ule wa chini ukachungulia juu kwa vidoadoa. Nilifurahi siku hiyo nikamwita mke wangu aje aone.

Weka gamu, kile kitambaa cha kukazia, nyuma ya kitambaa chako na ukivute vizuri kwenye fremu ya duara, la sivyo kitajikunja.

Kasoro: springi ni ngumu, inagonga kwa kelele, na skrubu inalegea kwa mtikisiko. Mimi naikaza kila bobini inapoisha. Anayetaka maua mawili yanayofanana kabisa, mguu huu haumfai. Anayetaka mstari wa mkono wake, anunue.

Sasa niko kwenye kipande cha nne: mkoko wenye miche inayoning'inia, nyuzi mbili, kijani na kahawia, kwenye tundu moja la sindano namba 16. Nataka kukimaliza kabla ya sare za Januari kuanza kumiminika.