Steshenari ya kutafsiri vyeti vya Kirusi, karibu na Soko Kuu Arusha

Nyota nne. Nimesoma Urusi. Kule mgeni anaandikishwa anwani ndani ya siku 7 za kazi, na tafsiri ya pasipoti notari (afisa wa kuthibitisha nyaraka) anaishona kwa uzi, anabandika karatasi juu ya fundo, anagonga muhuri. Uzi ukikatika, haina kazi tena. Kwa hiyo kaka wa hapa alipochukua nakala yangu ya diploma iliyoshonwa kuiweka kwenye skana, nikapiga kelele. "Tulia dada, hizi nazijua." Akafunua ukurasa mmoja mmoja, uzi hakuugusa. Tafsiri safi, hata jina la baba halikugeuzwa la ukoo. Bei ya tafsiri imechangamka, na risiti mpaka uidai. Mnaokwenda Urusi, toleeni kopi hapahapa, bei yake rahisi.