Kompyuta ya karatasi mezani, projekta mkononi: uzoefu wangu wa miezi minane Nasser Road

Ninafanya kazi ya kupanga kurasa na kuchapa katika duka dogo lililo chini ya ardhi kwenye Nasser Road, Kampala, mtaa ambao mtu yeyote anayetafuta kadi za mwaliko, vitabu vya risiti, kalenda au mabango ya mgombea huelekezwa hata kabla hajamaliza kuuliza. Karatasi ndiyo riziki yangu. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna mfumo wa kompyuta ambao programu zake huchapwa kwenye karatasi na kulazwa mezani ili zifanye kazi, nilijiambia kwamba hata ukinishinda, angalau sehemu moja yake nitakuwa ninaielewa vizuri kuliko wahandisi wengi.

Mfumo huo unaitwa Folk Computer. Ni mradi huria ulioanzishwa na Omar Rizwan na Andrés Cuervo huko New York, na wazo lake limechota sana kutoka Dynamicland, maabara iliyoanzishwa na Bret Victor na wenzake mjini Oakland, California. Msimbo wa Folk uko wazi, kwa hiyo mtu aliye Kampala anaweza kuupakua, kuusakinisha kwenye kompyuta inayotumia mfumo endeshi wa Linux, kisha akaining'iniza kamera na projekta juu ya meza yake mwenyewe. Kila karatasi huchapwa alama ya mraba yenye vidoto vyeusi na vyeupe, iitwayo AprilTag, ambayo ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan. Kamera inaposoma alama hiyo, mfumo hutambua namba yake, huiendesha programu yenye namba hiyo, na projekta hurudisha matokeo yakiwa mwanga juu ya karatasi ileile. Ukiiondoa karatasi, programu imezimika, ukiirudisha, imewaka. Familia ya alama zinazotumika ina alama zaidi ya 48,000, kwa hiyo sina hofu ya kuishiwa.

Nilikinunua kila kifaa kando kando: kompyuta ndogo iliyotumika, kamera ya kawaida ya USB, na projekta ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwangaza) ambayo tayari ilikuwa imeshaonyesha mechi nyingi katika kibanda cha mpira. Karatasi nilikuwa nazo.

Siku tatu za kwanza ziliisha kwenye kulinganisha kamera na projekta. Unachapa ubao wenye alama nyingi, unaushika chini ya kamera kwa pembe mbalimbali, na mfumo unakokotoa mahali kila kifaa kilipo na jinsi kinavyoona. Unatakiwa pia kupima kwa rula upande mmoja wa alama iliyochapwa na kuandika milimita zake. Hapa ndipo nilipojikwaa kwa aibu, kwa maana mimi, mtu wa uchapaji, niliiacha mashine ipunguze ukurasa ili uenee ndani ya pambizo, nikaandika kipimo kilichokuwa kwenye faili badala ya kile kilichokuwa kwenye karatasi. Mistari ya mwanga ikawa inapita kando ya kila karatasi kama kivuli cha saa kumi. Nilipopima upya kwa rula ya chuma tunayokatia, mambo yakakaa sawa ndani ya milimita mbili au tatu.

Kero ya pili ilitoka kwenye taa zetu za mirija. Picha ya kamera ilikuwa na mistari myeusi inayotembea, na alama zilikuwa zikisomeka na kupotea, jambo lililofanya karatasi ziwake na kuzima bila sababu. Umeme wetu Uganda ni wa hezi 50, na kamera yangu ilikuwa imewekwa kwa hezi 60. Nilibadilisha mpangilio huo mmoja tu, na mistari ikaisha. Ninaandika jambo hili kwa urefu kwa sababu nilipoteza usiku mzima nikiulaumu msimbo.

Kuhusu karatasi yenyewe nina la kusema zaidi. Usitie laminesheni juu ya alama. Nilidhani ninafanya jambo la busara kwa kuzilinda programu zangu dhidi ya chai na vumbi, lakini plastiki inayong'aa hurudisha mwanga wa projekta moja kwa moja kwenye kamera, na mraba mweusi hugeuka kioo. Hata karatasi ya gramu 150 yenye mng'ao husumbua. Karatasi ya gramu 80 husomeka vizuri, ila hujikunja kona baada ya wiki mbili, na alama iliyojipinda humfanya mtu aone mwanga ukiyumba. Iliyonifaa ni kadi isiyong'aa ya gramu 250, iliyochapwa kwa wino badala ya poda ya tona, kwa kuwa poda nyeusi ikikolea nayo hung'aa. Kadi moja nimeitumia miezi sita na ingali hai.

Lugha ya programu inayotumika ni Tcl, lugha ya miaka ya 1980 iliyobuniwa na John Ousterhout, na sehemu zinazohitaji kasi zimeandikwa kwa C. Nilikuwa sijawahi kuigusa. Hata hivyo, utaratibu wa Folk unasimama juu ya maneno matatu: Claim ni dai, Wish ni ombi, na When ni pale jambo fulani linapokuwa kweli. Karatasi moja hudai, nyingine husikiliza. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba ukishaandika hayo maneno makuu ya Kiingereza, sentensi inayofuata ni yako. Karatasi ya aina ya kadi inaweza kudai kwamba ina bei 500, na karatasi ya hesabu ikasubiri pale karatasi yoyote itakapokuwa ina bei. Mfumo hautaki kujua kama "ina bei" ni Kiswahili au Kichina, mradi pande zote mbili zimeandika vilevile. Katika duka letu wenzangu wanatoka Arua, Bombo na ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na lugha inayotuunganisha ni Kiswahili. Mwenzangu ambaye hajawahi kuandika programu hata moja aliichukua kadi yangu, akaisoma kama asomavyo risiti, akaniambia nimesahau bei ya kukata. Alikuwa sahihi.

Kazi halisi ya kwanza niliyoupa mfumo ilikuwa kumwonyesha mteja jinsi kadi zake zitakavyopangwa kwenye karatasi kubwa. Kadi ya biashara ya milimita 90 kwa 55, ukiiongezea milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata, hukaa 21 kwenye karatasi hiyo kubwa, iitwayo SRA3, yaani 3 kwa 7. Wateja huwa hawaamini hesabu hiyo, hudhani tunawaibia karatasi. Sasa ninalaza SRA3 tupu mezani, ninaweka karatasi ya programu yenye vipimo vya kadi kando yake ikiwa imeielekea, na mistatili 21 inachoreka kwa mwanga juu ya karatasi halisi. Mzee mmoja aliyekuja kwa kadi za kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ya binti yake alitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Sasa kijana, hii michoro nikiondoka naondoka nayo?" Nikamjibu, "Hapana mzee, hiyo inabaki mezani, wewe utaondoka na kadi." Akacheka, akalipa malipo ya awali. Lakini nisiwadanganye wenzangu wa uchapaji: tofauti ya milimita mbili inatosha kuonyesha mpangilio, haitoshi kuelekeza kisu. Kukata bado ninakata kwa alama zilizochapwa.

Udhaifu wa meza ni kwamba haihami. Projekta imefungwa darini, na ukiisukuma meza sentimita kumi ili upitishe mashine, umetoka nje ya eneo lake. Mlango wetu ukifunguliwa saa saba mchana, mwanga wa ngazi unashuka mpaka mezani na picha inafifia. Msimu wa uchaguzi ulipofika, mabango yakajaa kila mahali pamoja na juu ya meza hiyo, na kwa wiki kadhaa mfumo wote ulizimwa kwa sababu nafasi ilikuwa na thamani kuliko maajabu.

Hilo ndilo lililonisukuma kwenye kifaa cha mkononi. Waendelezaji wa Folk wamekuwa wakiunda kifaa kinachoshikwa kama tochi, ambacho ndani yake mna kamera, projekta na kompyuta, ili mtu asiifuate kompyuta mezani bali aimulike popote penye alama. Hakiuzwi dukani kama simu, kwa hiyo nilijiundia cha kwangu kwa kufuata wazo hilo: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 5, projekta ndogo ya leza, kamera ndogo na betri ya kubebea.

Nilichagua leza kwa sababu projekta ya lenzi ya kawaida hutaka kulengwa upya kila umbali unapobadilika, ilhali ile ya leza huchora picha kwa mwale mmoja unaotembezwa na vioo vidogo sana, na picha haififii kingo iwe karibu au mbali. Gharama yake ni mwangaza. Lumeni zake ni chache sana ukilinganisha na projekta ya mezani, na ukisogea mara mbili ya umbali, mwangaza juu ya karatasi unabaki robo. Barabarani mchana haionyeshi kitu. Nilijaribu kuwaonyesha jamaa wa boda boda walio nje ya jengo letu, wakaona kiganja changu tu.

Jambo lililonigharimu zaidi ni ufungaji. Kamera na projekta zikishalinganishwa, uhusiano wao haupaswi kubadilika hata kidogo, kwa kuwa mfumo hukokotoa mahali karatasi ilipo kwa kuitegemea kamera, kisha huituma picha kwa kuuamini uhusiano huo. Kifungio changu cha kwanza kilikuwa cha mbao, na tundu moja la skrubu nililitoboa kubwa. Kila nikikitua kifaa mezani, kulinganisha kunaharibika. Baadaye fundi mmoja wa Katwe alinikatia bamba la alumini na kulikunja vizuri, na tangu siku hiyo nimelinganisha mara mbili tu.

Umeme nao una masharti yake. Raspberry Pi 5 inapenda volti 5 kwa ampea 5, na betri nyingi za kubebea sokoni hutoa ampea 3 kwa volti hiyo, hali ambayo hufanya kompyuta ipunguze nguvu inayoigawia USB. Nikalazimika kuilisha projekta kwa tundu la pili la betri. Bila feni, kompyuta ilikuwa ikifika nyuzi 80 na kuanza kujipunguzia kasi. Kwa feni inatulia, ila mkono unasikia mtetemo.

Halafu kuna kuchelewa. Kamera ya picha 30 kwa sekunde huchukua takribani milisekunde 33 kwa kila picha, na kabla mwanga haujarudi kwenye karatasi kuna hesabu ya kutafuta alama na kuchora. Mezani karatasi zimetulia, hutambui lolote. Mkononi, kila unapoyumba picha hukufuata nyuma kidogo, kama mtoto anayevutwa mkono. Nilipobadilisha kamera ikawa ya picha 60, hali ilikuwa nafuu zaidi, na toleo jipya la Folk, ambalo limeandikwa upya ili kazi zigawanywe kwa viini vyote vya kichakataji, limesaidia kwa kiasi nilichoweza kukiona kwa macho. Hata hivyo, mtu mwenye mkono wa kutetemeka hatalifurahia jambo hili.

Basi kwa nini ninaendelea nacho? Kwa sababu ya stoo. Nyuma ya duka tuna chumba kisicho na dirisha tunamoweka rimu, na taa yake hufa mara kwa mara. Nimebandika alama kwenye kila rafu. Zile za kwanza zilikuwa za sentimita 5 na hazikusomeka nikiwa mlangoni, nikazikuza mpaka sentimita 12. Kifaa na meza vinapeana madai kupitia mtandao wa ndani wa duka, kwa hiyo kazi inayoandikishwa mezani hupunguza hesabu ya rimu bila mtu kuingia stoo. Nikisimama mlangoni na kumulika, kila rafu inaandikwa kilichobaki juu yake: gramu 80, rimu 14; kadi ya gramu 250, pakiti 3. Katika giza lile lumeni chache zinatosha na kubaki, na rafu hazitembei, hivyo kuchelewa hakuonekani. Udhaifu wote wa kifaa unafichwa na chumba chetu kibovu.

Kwa mwenzangu anayetaka kuanza, ningemshauri aanze na meza, akae nayo angalau miezi mitatu kabla hajagusa cha mkononi, na awe tayari kusoma maelezo ya Kiingereza na kutumia Linux bila kushikwa mkono. Asiye na subira ya kupima, kuchapa na kupima tena, fedha yake akanunue kompyuta ya kawaida. Mimi sijutii. Betri yangu hudumu chini ya saa mbili, na nimeagiza ya pili. Ikifika, mwenzangu wa Arua ameshasema hesabu ya stoo ya jioni ataifanya yeye, na rula ameniomba nimwachie.