Ziara ya "kijiji kilicholaaniwa" visiwani Ssese: uzoefu wangu

Mwezi uliopita nililipa shilingi 90,000, chakula cha mchana kikiwemo, kwa ziara ya siku moja kisiwani Bugala. Tangazo lilisema tutapelekwa kwenye kijiji kilichohamwa enzi za Waingereza, kilicholaaniwa, ambacho hakuna aliyethubutu kukaa tena. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili Entebbe. Bibi yangu mzaa mama ametoka katika ukoo wa visiwa hivyo, kwa hiyo nilikwenda na hamu kubwa.

Siku moja kabla tulivuka kwa MV Kalangala kutoka Nakiwogo hadi Lutoboka. Safari ilikuwa nzuri, sina neno. Shida ilianza asubuhi: abiria tulikuwa wanane, jaketi za kujiokolea tano. Niligoma kupanda mtumbwi hadi zilipoletwa nyingine, tukapoteza saa nzima. Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, si bwawa la kuchezea.

Kijana aliyetuongoza ni mchangamfu, lakini hadithi yake iliniuma. Alisema Mukasa, mungu wa ziwa ambaye hekalu lake liko kisiwani Bubembe, aliwakasirikia watu kwa kumkaribisha mzungu, akawalaza usingizi wakafa wote usiku mmoja. Wenzangu wakapiga picha. Mimi nilikuwa namkumbuka bibi akitaja ugonjwa wa mongota kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Mzee aliyeendesha mtumbwi alinisikia nikilitaja neno hilo. Akanivuta kando, akaniambia kwa Kiswahili cha wavuvi: "Mwanangu, njoo nikuonyeshe." Tukaingia msituni hatua kama mia hivi. Akanionyesha mituba, ile miti ambayo magome yake hutengenezwa nguo ya lubugo, minne imesimama kwenye mstari ulionyooka. "Mtuba haujipangi wenyewe," akasema. "Huu ulikuwa ua wa mtu." Chini yake palikuwa na vigae vya chungu na jiwe la kusagia lililochakaa katikati. Nilipiga magoti nikaligusa. Kwangu, ziara nzima ilikuwa pale.

Mongota ni malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya ziwa, Buganda na Busoga. Mwaka 1903 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, akiwa Entebbe, alionyesha kwamba unaenezwa na mbung'o. Dawa ya kuaminika haikuwepo, ndipo Hesketh Bell, gavana Mwingereza wa Uganda, akaamuru watu waondolewe ufukweni, na kufikia 1909 amri hiyo ikavifikia visiwa. Waliokuwa bado hai walipandishwa mitumbwi wakaacha nyumba, migomba na makaburi. Ruhusa ya kurudi ilichukua miaka mingi, na familia nyingine hazikurudi kabisa. Msitu ukameza viwanja vyao. Kumwambia mgeni kwamba walilaaniwa ni kuwasingizia wafu, tena ni kumsingizia Mukasa, ambaye watu walimwendea kuomba samaki na watoto.

Chakula kilikuwa sato wa kukaanga na matooke, kitamu sana. Choo hakikuwa na maji.

Ninawapa nyota tatu kati ya tano. Mandhari na yule mzee wanastahili zote tano. Jaketi na hadithi ya uongo ndizo zilizoshusha. Niliwaomba waandaaji wabadilishe tangazo, wakasema watafikiria. Ukienda, hesabu jaketi kabla ya kulipa, vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika, na umwombe nahodha mwenyewe akutembeze. Mimi nimeshapatana naye: Desemba nampeleka mama akaione ile mituba.